Mhariri, hiyo ni I au ni l?

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka huku Ilemela. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili na gazeti lenu nalisoma miaka mingi tu, na leo siji kulalamikia habari yoyote mliyoandika, nakuja na jambo la herufi zenyewe mnazochapia, yaani lile umbo la herufi, fonti kama wanavyosema vijana wa kompyuta. Najua wapo watakaosema huyu mwalimu kakosa cha kuandika, lakini naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaniuma na nakutana nalo darasani kila siku.

Kwangu gazeti la zamani halitupwi. Kuna mama anauza maandazi hapo nje ya geti, yeye hununua magazeti ya kufungia, basi akikuta kurasa zenye vichwa vya habari vikubwa ananiwekea pembeni. Tunakata herufi kwa mkasi, tunabandika kwenye vipande vya boksi, ndo zinakuwa kadi zetu za kusomea kwa sababu za dukani ni ghali na darasa lina watoto wengi. Kila herufi ina kopo lake, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Sasa siku moja nikawaambia kila mtu apange jina la wilaya yetu mezani, I kubwa mwanzo halafu ndogo zinafuata. Binti mmoja kapanga vizuri tu, ila wakati napita nikamwona mkono umetoka kwenye kopo la l ndogo, nikamwambia hiyo ya mwanzo siyo, rudisha, chukua I kubwa. Akaenda akachukua, akaziweka zote mbili kwenye kiganja, akaniuliza, "Mwalimu, tofauti yake iko wapi?"

Nikazichukua nikazisogeza dirishani. Vijiti viwili. Urefu mmoja, unene huwezi kuutofautisha kwa macho, havina kichwa havina mguu. Moja ilikatwa kwenye Iringa nyingine ilikatwa kwenye mwalimu au mlinzi sijui, ila ukishaitoa kwenye neno lake hakuna mtu wa kukuambia ipi ni ipi. Mtoto alikuwa na haki na mi nilikuwa nimemkosoa bure mbele ya wenzake, nikamwomba radhi palepale. Tangu siku hiyo yale makopo mawili nimeyamimina likawa kopo moja, na usiku nikaanza kusomasoma kwenye simu kuhusu hii kitu, ndo nikajua kumbe kuna watu wametumia miaka ya maisha yao kuchora herufi ili mwenzao asipate tabu kuisoma.

Mtaniuliza mbona sisi tunasoma na hatukosei. Hatukosei kwa sababu sisi watu wazima maneno tumeshayazoea, jicho linapita tu. Mtoto wa darasa la pili hana hayo mazoea, yeye anashika herufi anaiunganisha na irabu apate silabi, silabi na silabi apate neno, ndo hiyo KKK tunayofundisha, kusoma kuandika kuhesabu. Ukimpa kijiti ambacho kinaweza kuwa I au l, na kwenye mwandiko wa mkono kinakuwa mpaka moja, umemfungia mlango kwenye herufi ya kwanza kabisa ya sentensi.

Na hapa ndo naomba mnielewe vizuri kwa sababu hili tatizo kwa Kiswahili ni kubwa kuliko kwa hao waliozichora hizo fonti. Angalieni sentensi zetu zinavyoanza. Ilikuwa. Ilipofika. Ilibidi. Ilitokea. Ilisemekana. Ili. Ila. Ilani. Ilhali. Ilmradi. Ile i ya ngeli inakutana na li ya wakati uliopita, kwa hiyo I kubwa na l ndogo kwetu zinakaa bega kwa bega karibu kila ukurasa, tena mwanzoni mwa sentensi pale ambapo mtoto ndo anajikusanya aanze. Majina ya mahali ndo usiseme, Ilala, Ilemela, Ileje, Ilula, Ilboru. Chukua gazeti lolote la siku yoyote uhesabu. Waingereza wana maneno machache yanayoanza hivyo, ya ugonjwa, ya kuvunja sheria na mengine kidogo, basi mchoraji aliyeko Ulaya akichora I na l kama vijiti viwili sawasawa haoni hasara kubwa. Hasara tunaibeba sisi.

Fonti ya vichwa vyenu vya habari ni Arial, kijana wa steshenari alinithibitishia baada ya kuiweka kwenye kompyuta yake tukalinganisha, na ile ya tangazo la ukurasa wa nyuma ni ndugu yake, Helvetica. Helvetica ilitoka Uswisi mwaka 1957 kwenye kiwanda cha herufi cha Haas kule Münchenstein, Eduard Hoffmann ndo mwenye wazo na Max Miedinger ndo mchoraji, mwanzo iliitwa Neue Haas Grotesk, 1960 ndo ikapewa hili jina linalotokana na jina la Kilatini la nchi yao. Arial ikafuata 1982, wakaichora Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype, na ilivyoingizwa kwenye Windows mwaka 1992 ikasambaa dunia nzima, kila steshenari, kila ofisi ya kata, kila barua ya shule. Sisemi ni fonti mbaya jamani. Ni safi, imenyooka, kwenye bango kubwa inapendeza. Ila haikuchorwa na mtu ambaye kila siku anaandika Ilikuwa.

Na siyo kwamba haiwezekani kuzitofautisha. Mwaka 1916 huko London Edward Johnston alichora herufi za treni za chini ya ardhi, nazo ni nyoofu hazina vile vipande vya pembeni, mi naviita visigino, lakini l ndogo aliikunja chini ikatoa kamkia kuelekea kulia. Kamkia tu. Baadaye Jock Kinneir na Margaret Calvert wakachora alama za barabara za Uingereza, zile zilizoanza kujaribiwa kwenye barabara mpya ya Preston mwaka 1958, na wao l yao wakaiwekea kamkia hakohako. Dereva akiwa mwendo kasi hana muda wa kukisia. Na mtoto wa darasa la pili akiwa amesimama mbele ya wenzake arobaini na kitabu mkononi naye hana.

Nyie wa magazeti mnajua kuliko mimi kwamba gazeti linaweza kubadili herufi zake na dunia isianguke. The Times la London lilibadilisha tarehe 3 Oktoba 1932, baada ya mtaalamu wa uchapaji Stanley Morison kuwaambia bila kuficha kwamba gazeti lao linachapwa vibaya, wao badala ya kununa wakampa kazi yeye asimamie herufi mpya, Victor Lardent akazichora, ndo hiyo Times New Roman ambayo tunaandikia barua za kuomba kazi mpaka leo. Waliibana ili maneno mengi yaingie kwenye safu lakini ile I wakaiachia visigino vyake juu na chini, huwezi kuichanganya. Kwa hiyo habari zenu za ndani ambazo mmeziandika kwa herufi za namna hiyo sina ugomvi nazo, ugomvi wangu uko kwenye vichwa vya habari na kwenye zile kurasa za watoto za mwisho wa wiki, ambazo kwa kweli ndo zingetakiwa ziwe za kwanza kufikiriwa.

Jambo la pili linaniuma kuliko hilo la kwanza. Safu zenu ni nyembamba na maneno yetu ni marefu, maana neno moja tu linabeba anayetenda, wakati na anayetendewa, hawatatusaidia, walivyotuwasilishia, kwa hiyo kukata neno mwisho wa mstari hakukwepeki. Ila mnakata kwa sheria ya nani? Nimekuta nyum- juu halafu ba chini. Nimekuta kwam- halafu ba. Nimekuta wanafun- halafu zi. Hizo siyo silabi za Kiswahili hata kidogo. Silabi zetu zinaishia kwenye irabu, nyu-mba, kwa-mba, wa-na-fu-nzi, ukiacha ile m inayosimama yenyewe kama kwenye m-tu, na maneno tuliyokopa kama dak-ta-ri na mak-ta-ba. Mi wiki nzima nimewaimbisha watoto mba mbe mbi mbo mbu, nza nze nzi nzo nzu, tunapiga makofi, wanakwenda nazo mpaka nyumbani, halafu mtoto anafungua gazeti anakuta ile mba imepasuliwa katikati, m imebaki mstari wa juu na ba imeanza mstari wa chini, na kwa sababu ni gazeti, kwa sababu limechapwa, anaamini gazeti, mwalimu ndo kakosea.

Kijana wa steshenari akanieleza kinachotokea. Programu ya kupangia kurasa huwa imeachwa kwenye lugha ya Kiingereza, kwa hiyo mashine inalikata neno la Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na anayepanga kurasa ana haraka, mtambo unamsubiri, hapiti mstari kwa mstari. Simlaumu. Lakini kanuni yetu ni nyepesi kuliko ya Kiingereza mara nyingi sana, wao mpaka wawe na orodha ndefu za maneno ya kukatia, sisi kata baada ya irabu, basi, karibu umemaliza. Mtu wa kompyuta anayejua kazi yake anaweza kuifundisha mashine kanuni hiyo.

Na kwenye hilohilo nimekuta ng'ombe imekatwa, ng imebaki juu, kile kialama na ombe vimeshuka chini. Kile kialama siyo pambo, ni sehemu ya herufi, ndo kinachotenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, ukikitenga umemtenga ng'ombe na sauti yake. Mabango mangapi yameandikwa Changombe na watu tumeshazoea tunapita tu. Bango ni bango, lakini gazeti watu wanajifunzia kuandika.

Mimi mwenyewe kusoma nilianzia kwenye kanga za bibi kabla sijapelekwa shule, ndo maana labda nina macho ya herufi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na lile jina linaandikwa kwa herufi kubwa tupu, nene, zimeachiana nafasi, ndani ya kisanduku chake juu ya pindo la chini, hata bibi akinitangulia njiani kwenda kisimani nilikuwa naweza kulisoma huku natembea nyuma yake. HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Nililisoma hilo jina kabla sijajua kwamba ni methali. Waliochora zile kanga walimfikiria anayesoma kwa mbali, anayesoma kitambaa kinachotikisika mwilini mwa mtu, kwa hiyo I yao ni I na L yao ina mguu mrefu, hakuna kukosea. Kuna wakati nilifikiri niwaombe na nyie muandike vichwa vya habari vyote kwa herufi kubwa kama kanga, lakini nikaona hapana, maneno manne ya kanga ni sawa, ukurasa mzima unachosha, na tena mtoto anatakiwa aone kwamba Mwanza inaanza na herufi kubwa na mwanzo inaanza na ndogo.

Halafu hizo kanga za zamani majina yake yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla hayajaja ya herufi hizi. Na wazee wa pwani walioandika tenzi zetu kwa herufi za Kiarabu walikuta Kiarabu hakina p wala hakina ch, kuna waliovumilia wakaandika b msomaji ajikisie mwenyewe, na kuna walioona hapana, wakaweka nukta tatu kama Waajemi wanavyofanya. Herufi ilitoka mbali ila walipoona haitoshi kwa Kiswahili waliiongezea. Sasa sisi wenye kompyuta tunashindwa nini.

Maana dawa ipo na jina lake ni la kwetu, hili ndo lilinitoa machozi siku nilipolijua. Kuna fonti inaitwa Andika. Andika hiihii ya Kiswahili, ndo jina lake rasmi dunia nzima, imetengenezwa na shirika linaitwa SIL ambalo kazi yake ni lugha, na waliitengeneza maalumu kwa ajili ya mtu anayejifunza kusoma, kila herufi imechorwa ili isichanganywe na mwenzake. Ni bure. Unaishusha kwenye intaneti, unaiweka kwenye kompyuta, unachapia kitabu, gazeti, mtihani, chochote, hudaiwi shilingi. Wamekaa watu huko wakafikiria mtoto anayejifunza kusoma, wakaona jina linalofaa ni neno la Kiswahili, halafu sisi wenyewe wenye hilo neno tunachapia watoto wetu Arial.

Nilienda steshenari na flashi yangu, yule kijana akaiingiza. Kwenye orodha ya fonti ya juu kabisa palikuwa na Algerian, ile ya matangazo ya vikao na kadi za michango ya harusi ambayo bibi yangu hawezi kusoma hata jina lake akiandikiwa, halafu ikaja Andika, halafu ndo Arial. Kwa mpangilio wa alfabeti Andika inakaa juu ya Arial, unaifikia kwanza. Tukachapa mtihani wangu wa kusoma wa mwezi kwa Andika, saizi ya 16, mistari nimeiachia nafasi na hakuna neno lililokatwa. Siwezi kukupa utafiti Mhariri, mimi ni mwalimu mmoja na darasa moja. Ninachoweza kukuambia ni kwamba yule binti wa kadi alisoma "Ilikuwa asubuhi" bila kunyanyua macho kuniangalia kama amepatia.

Na kwa wazee, maana najua wasomaji wenu wengi ni wazee kama mama yangu anayesogeza gazeti mpaka mlangoni apate mwanga, kuna nyingine inaitwa Atkinson Hyperlegible, ilitolewa mwaka 2019 na taasisi ya wasioona ya Marekani iitwayo Braille Institute, kwa ajili ya wenye uoni hafifu, nayo I, l na 1 kila moja ina sura yake, hata O na sifuri. Nayo ni bure. Zile tanzia mnazoziweka kwa herufi ndogo juu ya rangi ya kijivu, jamani, mtu anatafuta jina la ndugu yake pale, ziangalieni kwa jicho la mtu wa miaka 70.

Ninachoomba ni hivi. Ukurasa wa watoto uanze kuchapwa kwa Andika, huo tu kwanza, vichwa vya habari mtakaa wenyewe mtaona. Anayepanga kurasa aizime ile kanuni ya Kiingereza ya kukata maneno, na kama hamna mtu wa kuifundisha mashine kanuni yetu basi acheni upande wa kulia wa safu usilingane, hakuna mtoto aliyewahi kushindwa kusoma kwa sababu mistari haikulingana kulia. Na ng' msiitenganishe na kialama chake. Kama mnahitaji mtu wa kuwapitishia kurasa za watoto kabla hazijaenda mtamboni, walimu wa darasa la kwanza na la pili tupo nchi nzima na hatutawadai kitu, tutumieni tu kwenye simu.

Pamoja na barua hii nimeweka karatasi mbili. Ni habari yenu wenyewe, ya mvua ya Machi, mliyoitoa kwenye ukurasa wa watoto, inaanza na Ilinyesha. Ya kwanza nimeitoa kopi kama mlivyoichapa nyie, ya pili nimeichapa kwa Andika na maneno yamekaa mazima. Kila mmoja hapo ofisini mwenye mtoto wa miaka saba au nane naomba aende nazo nyumbani leo, ampe mtoto ile ya kwanza asome kwa sauti, kesho yake ampe ile ya pili, na wala asimsaidie.

Mwalimu wa darasa la pili,
Ilemela, Mwanza.